Kabla ya kompyuta, tafuta boksi la sabuni: namna ya kutengeneza gemu ya mikakati yenye majini, ikanoga

Kama unataka kutengeneza gemu ya mikakati yenye majini, mazimwi na falme za kubuni, usianzie kwenye kompyuta. Mimi nilianzia huko nikapoteza mwaka mzima, na kompyuta ndiyo kazi yangu: nafufua mashine zilizokufa hapa Kirumba, Mwanza, jirani na mwalo, ambako ukifungua kava la CPU harufu ya dagaa inakupokea kabla ya vumbi. Kwenye kona ya ofisi nina mashine 4 za kuchezea. Vijana wengi wanakuja kwa ajili ya gemu za mpira. Wachache, wakiwemo wapwa zangu mapacha (kwetu mapacha huulizi majina, ni Kulwa na Doto), wanacheza zile za zamu: wewe unasogeza, mwenzio anasogeza, mnatazamana kwa jicho la pembeni.

Nimewaangalia kwa miaka. Najua nani anabana mkojo mpaka amalize zamu yake, na nani anaacha vita katikati akaenda kununua mihogo ya kukaanga. Huyo wa mihogo ndiye mwalimu wako. Gemu aliyoiacha inaweza kuwa na michoro ya kukutoa machozi, lakini kuna kitu imekosa, na mara nyingi ni kile kile.

Uamuzi uumize

Ipo gemu inaitwa The Battle for Wesnoth. Ni programu huria, ilitoka mwaka 2003, mwanzilishi wake ni David White, na ni ya bure kabisa. Hata mashine kuukuu inaibeba. Siku ndani yake ina zamu 6: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, halafu mbili za usiku. Binadamu wa kule wengi wao ni watu wa mchana: jua likiwa juu mapigo yao yanaongezeka kwa asilimia 25, usiku yanapungua kwa kiasi hicho hicho. Maorki, yale mazimwi ya vita, na wafu waliofufuka ni kinyume chake.

Siku moja Kulwa alikuwa na watu wa mikuki, Doto ana maorki. Machweo. Kulwa ana askari mmoja mwenye jeraha amekaa kijijini, na kijiji kinakuingizia dhahabu na kinakuponya. Akibaki, usiku utamkuta hapo na maorki watamla. Akirudi nyuma, anabaki hai lakini kijiji kinaondoka, na dhahabu yake inahamia kwa Doto. Mimi nilikuwa nachomelea soketi ya chaja ya laptopu. Nikamaliza, nikafunga skrubu zote, Kulwa bado ameshika mausi hajabofya.

"Mjomba, we ungefanyaje?"

"Ningecheza, wenzio wanasubiri mashine."

Alirudi nyuma. Ilimuuma, na hakunyanyuka pale mpaka saa 3 usiku. Angalia kilichomshika: hakuna aliyemficha chochote. Usiku unajulikana utakuja, zamu gani, kwa nguvu gani. Njia zote mbili zilikuwa na hasara, na hasara hizo hazifanani, kwa hiyo huwezi kuzipima kwa mzani mmoja. Yule askari ana thamani gani ukimlinganisha na kijiji? Hapo ndipo utamu ulipo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha gemu yako ni hiki: chukua zamu yoyote, uliza kama kuna chaguo ambalo mtu mwenye akili timamu atalichukua kila mara. Likiwepo, hilo si chaguo. Upanga wa shaba unapiga 5, wa chuma unapiga 9, bei sawa. Hapo umempa mchezaji kazi ya kubofya tu. Nilipoipitia gemu yangu ya kwanza kwa kipimo hiki, ile ya mwaka mzima, ilikuwa na aina 23 za askari na zote nyingine zilikuwa mapambo ya aina 4. Mechi moja ilichukua saa 4. Hakuna mtu aliyewahi kuimaliza, hata mimi.

Nati ya lori

Sasa boksi. Chukua boksi la sabuni, lile kubwa la katoni, ulifungue liwe bapa. Omba kwa fundi wa magari nati kubwa ya lori, ya spana namba 32 inatosha. Iweke juu ya boksi, zungusha kalamu, sogeza, zungusha tena. Una vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki. Kwa nini sita na si mraba kama drafti? Kwa sababu kwenye mraba, kwenda pembeni kwa mshazari ni mbali zaidi kuliko kwenda mbele, ila hatua ni moja ileile. Wachezaji wanajifunza haraka kuiba umbali. Kwenye pembe sita majirani wote wako sawa.

Askari ni vizibo vya soda. Baa yoyote watakupa ndoo nzima bure, watakushangaa tu. Ndani ya kizibo bandika kikaratasi kinachosema ni nani. Kizibo kikifunikwa, adui anaona kuna kitu lakini hajui ni nini. Umeshapata ukungu wa vita bila kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Uzuri wa boksi ni kwamba kubadilisha kanuni kunachukua sekunde 5. Unafuta, unaandika. Kwenye kompyuta kanuni hiyohiyo ingekula jioni mbili, na ikishakula jioni zako mbili unaipenda kanuni yako hata ikiwa mbovu.

Saa ya dunia yako

Gemu za namna hii zinazodumu zina mapigo, kama moyo. Wesnoth ina usiku na mchana. Heroes of Might and Magic III, ya mwaka 1999, ambayo vijana wangu wanaicheza wakipokezana kiti kimoja, ina wiki ya siku 7: viumbe wapya wa kuajiri wanaongezeka siku ya kwanza ya wiki. Ndiyo maana siku ya 7 hakuna anayekubali kuzima. "Ngoja Jumatatu iingie, mjomba." Jumatatu ikiingia, amepata jeshi, sasa atalalaje bila kulitumia?

Nilihangaika kutafuta mapigo ya gemu yangu. Nikasoma habari za majoka ya Ulaya na theluji, mimi ambaye theluji naijua kwenye friza tu. Kumbe jibu lilikuwa nyuma ya ofisi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola zimejaa. Dagaa wanafuata mwanga, lakini mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haushindani nao, dagaa wanatawanyika, na watu wanapumzisha mitumbwi, wanashona nyavu. Giza likirudi, simama pale Capri Point usiku utazame ziwani: utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Nikaitazama ile mistari ya taa nikawaza kama jini mwenye njaa. Taa ukiwasha, unavua. Taa ukiwasha, unaonekana.

Basi gemu ikapatikana. Upande mmoja ni Watu wa Taa, wavuvi na mashujaa wao wa visiwani. Upande wa pili ni Watu wa Kilindi, majini wa ziwani. Mwezi mmoja una zamu 8: zamu 5 za giza, 3 za mbalamwezi. Mtumbwi wa uvuvi ukiwashwa taa kwenye giza (unaweka punje ya mahindi juu ya kizibo) unaingiza debe za dagaa. Lakini mwenye punje anaweza kushambuliwa kutoka vyumba 3 mbali. Asiye na punje mpaka adui amguse.

Toleo la kwanza nilitoa debe 5 kwa kila taa. Ikawa kila mtu anawasha zote kila zamu, maana hata mtumbwi ukichomwa, faida imeshaingia. Hakuna uamuzi. Nikashusha mpaka 3, bado. Nikashusha mpaka 2, na mtumbwi mpya nikauuza debe 10. Sasa piga hesabu: zamu 5 mara debe 2 ni 10. Mtumbwi unarudisha gharama yake kwa giza zima la mwezi mmoja, ukinusurika. Ukichomwa zamu ya 2, umekula hasara ya debe 6 na unaijua kwa kichwa. Siku hiyo kwa mara ya kwanza Doto alikaa na punje mkononi, akiizungusha, hajui aiweke wapi.

Jifunze hapo: namba moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha bei na mavuno na umbali wa shambulio siku moja, gemu ikinoga hutajua nini kimeinogesha, ikiharibika ndiyo balaa zaidi.

Majini nao nikawapa mapigo ya kinyume. Wanapata debe 3 kwa zamu za mbalamwezi tu, maana ndipo wanapopanda juu kulamba mwanga. Tatu mara tatu ni 9, pungufu ya 10 ya wavuvi, lakini hawawashi taa, kwa hiyo hawaonekani. Watu wengi wanadhani pande mbili za haki ni pande zinazofanana. Zikifanana unacheza drafti, na drafti tayari ipo chini ya mwembe, haihitaji majini. Pande ziwe na njaa tofauti, saa tofauti, hofu tofauti. Usawa utautafuta baadaye kwa kuhesabu nani ameshinda mara ngapi. Mimi nachora vijiti ukutani.

Uchawi ni kuvunja kanuni

Hapa wengi wanaharibu. Moto unaopiga 12 badala ya mshale unaopiga 8 ni mshale wa gharama, hauna uchawi ndani yake. Kwenye Heroes III wale wachawi wa wafu wakishinda vita wanainua mifupa kutoka kwa waliouawa na kuiingiza jeshini. Umeona? Kwa wengine maiti ni hesabu iliyofungwa. Kwao ni mapato. Kanuni nzima ya vita imegeuka, hata adui anaanza kuogopa kupoteza askari wake dhaifu.

Nilikuwa na madawa 14 kwenye daftari. Nimebakiza 3. Ninayoipenda inaitwa Kufunika Mwezi: unalipa debe 12, zamu inayofuata ya mbalamwezi inageuka giza. Kwa wote! Unanunua giza, na adui yako analitumia pia. Anayeinunua lazima awe amejipanga kuliko mwenzake. Dawa inayomfaidi mnunuzi peke yake mimi naiona ya kivivu.

Na iwe ghali. Uchawi wa kila zamu ni chumvi.

Bahati

Ludo ni bahati karibu tupu. Bao la Kiswahili, mistari 4 ya mashimo 8 na kete 64, halina bahati hata chembe. Ukifungwa umefungwa na akili ya mtu. Gemu ya mikakati ya kubuni inakaa katikati, na kila mtengenezaji anachagua akae karibu na nani.

Wesnoth inakuonyesha asilimia kabla hujapiga, na hilo ni jambo la adabu. Hata hivyo siku moja Doto alikosa mara 3 mfululizo kwa nafasi ya asilimia 70. Akasimama: "Mjomba, gemu inadanganya." Nikamwandikia kwenye boksi: kukosa ni 0.3, mara 0.3, mara 0.3, ni 0.027. Karibu mara 3 katika kila 100. Tumecheza mara ngapi mwaka huu? Akakaa, ila hakuridhika, na mimi namwelewa. Binadamu akiambiwa 70 anasikia "hakika".

Ninachofanya sasa ni kuipa bahati nafasi kabla ya uamuzi, si baada yake. Mwanzo wa mwezi tunachota kizibo kimoja kwenye kopo. Kinasema dhoruba itapiga zamu ya ngapi. Wote tunaona. Hapo bahati imekupa tatizo la kulifikiria. Ukishaamua vizuri halafu dadu ikakunyang'anya, hiyo ni bahati inayokutukana.

Ushindi usiwe kuua tu

Mashariki mwa mji, Kisesa, kuna Bujora, makumbusho ya Wasukuma. Huko utasikia habari za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa vizazi. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndiyo maana kuna nyoka, fisi wa kuigiza, majembe yanayorushwa juu, na dawa za kuvuta umati. Kama wewe ni mtengenezaji wa gemu na hiyo haikusisimui, rudi kwenye mpira. Huhitaji kumgusa mpinzani. Unamnyang'anya watazamaji, na kila mtazamaji anaona wenzake wanaelekea wapi.

Bao nalo lina fundisho la aina yake: mstari wako wa mbele ukibaki mtupu umefungwa, hata kama wa nyuma umejaa kete. Tajiri anaweza kufungwa. Hiyo inaponya ugonjwa mkubwa wa gemu za falme, yaani yule aliyetangulia kupata miji mitatu anazidi kutajirika, mnajua wote ameshashinda, lakini mnalazimika kucheza saa nzima zaidi ili afike. Ndipo watu wanapokumbuka mihogo.

Kwangu mshindi ni anayeshikilia visiwa 3 kati ya 5 mwezi wa tatu wa gemu unapoisha. Debe zako zikibaki ghalani hazikusaidii kitu. Mechi inaisha kwa miezi 3, dakika 40 hivi, na mara mbili nimeona mwenye debe 30 akifungwa na mwenye 4.

Ramani nayo ichore ukiwa na nia mbaya. Acha mahali pembamba pa kugombania. Ukitaka kujua sehemu nyembamba ina thamani gani, muulize mtu aliyewahi kulala foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi kabla ya lile daraja la kilomita 3. Chora mlango wa namna hiyo mmoja, usichore minne. Mlango wa pili unaua wa kwanza.

Ukifika kwenye kompyuta

Nitapita haraka, mengine utayaona mwenyewe. Iwe ya zamu, na ijihifadhi yenyewe kila zamu inapoisha, kwa sababu umeme utakatika na hautakuaga. Iruhusu watu wawili mashine moja. Maandishi yawe Kiswahili chepesi. "Washa taa" inatosha, usiandike shairi kwenye kitufe. Kila kitu kinachoweza kuhesabiwa kionyeshwe kabla mtu hajabofya. Na mchezaji akikosea kubofya, mrudishe hatua moja, mradi hajaona jambo jipya.

Kabla ya hapo, kuna mtihani mmoja. Usikae pembeni ukifafanua kanuni. Waachie boksi, vizibo na punje, uondoke. Ukirudi ukakuta wamepanga wenyewe na wanagombana, anza kuandika programu. Ukikuta punje zimeliwa na kuku, rudi kwenye kalamu.

Mimi nilikwenda kunywa chai nikachelewa makusudi. Niliporudi Kulwa, upande wa Kilindi, alikuwa ameshika kichwa. Jini wake mkubwa alikuwa amevuka vyumba 3 kufuata punje moja iliyokaa peke yake karibu na kisiwa, akafunua kizibo akitegemea mvuvi, akakuta mtumbwi wa vita.

"Mjomba, huyu kaiba. Taa ni ya wavuvi."

"Nani kasema?" Doto akauliza. "Onyesha palipoandikwa."

Nikafungua daftari, nikasoma kanuni zote 8. Hapakuandikwa. Nikaongeza ya 9: mtumbwi wa vita unaruhusiwa kuwasha taa, hauvui kitu. Lazima ulipie mafuta, la sivyo kila mtu atawasha kila kitu na tutarudi kule kwenye debe 5. Tumejaribu debe 1, ni rahisi mno. Kesho tunajaribu 2.